Silabi za Kaka

Mama aliacha kunung'unika siku tuliyotoka makaburini.

Anayemjua mama yangu ataelewa kwa nini jambo hilo lilinitisha kuliko kilio. Tangu nipate akili nimemjua Mama kwa manung'uniko yake. Chai ikiwa ya moto, nimetaka kumbabua ulimi. Ikipoa, nimempa maji ya kunawia. Mvua isiponyesha, nchi inakauka. Ikinyesha, imeamua kulowesha nguo zake yeye tu, za majirani imeziruka. Kaka alikuwa akisema, "Siku Mama akinyamaza msiniulize kitu, iteni gari la wagonjwa."

Sasa kaka ndiye hayupo, na Mama amenyamaza.

Watu waliokuja kuhani waliona ni utulivu wa mtu mzima aliyekubali. Mimi ninayelala naye chumba kimoja niliona kitu kingine. Asubuhi moja, kwa haraka zangu, nilimpa chai niliyosahau kuitia sukari. Aliinywa yote, akanirudishia kikombe, akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikabaki nimesimama na kile kikombe. Ilikuwa kama nimeshukuriwa na mgeni.

Mama haoni. Macho yalifungika polepole, kwanza la kushoto, kisha la pili likafuata. Tuna vyumba viwili. Cha ndani tunalala. Cha mbele nina cherehani yangu karibu na dirisha, na ukutani kuna meza yenye kompyuta ya kaka. Mimi shule niliishia ya msingi, nikaingia kwenye ushonaji, na kaka hakuwahi kuniita jina langu tena. Aliniita Sindano.

Mchana mmoja nilikuwa napinda suruali ya mteja, Mama ameketi kwenye kiti chake nyuma yangu, kimya kama kawaida yake mpya. Akasema, "Hajafika."

"Nani, Mama?"

"Kakako. Alisema akifika atasema."

Nikasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

Hilo neno lilikuwa la kwao wawili. Kaka akirudi kutoka popote, hata akiwa ametoka kununua betri hapo nje, alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Mama, nimefika." Alianza zamani, macho ya Mama yalipoanza kufifia, ili asishtuke kusikia nyayo asizozijua. Siku tuliyompeleka hospitali, jirani amewasha gari, tumemshika huku na huku, aligeuka pale mlangoni. Kifua kilikuwa kinamlia kama mlango mbovu. Akasema, "Nikifika nitakwambia, Mama."

Hospitali hakufika. Alitutoka njiani.

"Mama," nikasema, "kaka tulimzika. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nikashika ubao wa jeneza. Wengine mliona uso, mliona shimo, mliona udongo. Mimi nilipewa ubao nikaushika." Aliongea taratibu, bila hasira. "Kwangu mimi bado yuko barabarani. Niwashie Babu. Yule atasema."

Babu ndiyo kompyuta. Tuliiita hivyo kwa sababu ilikuwa nzee kabla haijafika kwetu. Kaka aliiokota ofisi moja walipokuwa wanatupa vitu, akaitia Linux ya kuiendesha, ile ya maandishi meupe kwenye kioo cheusi, haina picha wala mapambo. Ilikuwa ikiwashwa inakohoa, inatulia, inakohoa tena, ndipo inaamka.

Mama alipoacha kuona kabisa, kaka alitaka Babu amsomee. Sauti za kununua zilisoma Kiswahili kama mtalii aliyepotea njia. Basi akajifunika blanketi kichwani na kipaza sauti kidogo, akaanza: ba, be, bi, bo, bu. Nikadhani homa. Akatoa kichwa nje jasho likimtiririka, akasema, "Sindano, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Ukiwa na silabi zote, una maneno yote, hata ambayo hayajatungwa. Darasa la kwanza walitupa dunia nzima wala hatukujua."

Akazirekodi zote. Cha, che, chi. Mba, mbe, mbi. Nywa. Pwa. Kisha akazigeuza sauti kuwa tarakimu, kila silabi na faili yake, akaandika programu ya kuziunganisha. Kuyageuza hayo maandishi yake kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukifanya, mafundi wanaita kukompaili. Kaka aliita kupika. "Leo napika," alisema, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga pasi, maana umeme wetu ni wa kubembeleza.

Babu alisoma kama mtoto anayefuata kidole cha mwalimu, ha-ba-ri-ya-a-su-bu-hi, lakini sauti ilikuwa ya kaka, kavu kidogo, yenye tabasamu kwa mbali. Na kila ikiwashwa programu, kabla ya yote, ilisema yenyewe: "Ma-ma, ni-me-fi-ka." Mama alikuwa anamjibu kila siku, hachoki, "Umefika wapi, nawe umekaa hapo hapo?"

Kulikuwa na shimo moja tu. Ng', ile ya ng'ombe, yenye ritifaa juu yake, kaka aliiacha ya mwisho na huo mwisho haukufika upesi. Babu alipokutana nayo aliiruka. Ng'ombe ikawa mbe. Kaka alipenda kumwandikia Mama, "Usinung'unike," na Babu alitoka na "u-si-nu," pengo, "ni-ke." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Babu kameza ng'ombe mzima!"

Alipougua, kaka aliamua kuliziba lile shimo. Lakini kila akianza, kikohozi kinamkata. Akaniita pale kitandani. "Sindano, niazime sauti." Nikalala ubavuni kwake kwenye mkeka, yeye kanishikia kipaza sauti mdomoni, nikasema: ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u. Akazikata, akaziweka ndani pamoja na zake. Kuzipika akasema atazipika akirudi kutoka hospitali.

Siku ya mazishi, sote tukiwa makaburini, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Tulipoingia ndani tulikuta vipande vya balbu sakafuni, na Babu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumzima, ananuka plastiki iliyoungua. Nilimfuta vumbi, nikamfunika kitambaa. Mama aliniuliza harufu ile ni ya nini. Nikamwambia ni balbu.

Sasa alikuwa ananiambia nimwashe.

*

Rafiki wa kaka, fundi wa simu na kompyuta, sisi tunamwita Fundi Nukta. Kila akitoa uamuzi anamalizia kwa kusema nukta, kama hati ya serikali. Alikuja asubuhi ya mvua, begi kifuani ndani ya koti, viatu akaviacha mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumwamsha?"

Fundi akanitazama. Nikatazama chini.

"Nimekuja kumtazama Babu, Mama."

Akamfungua. Alivuta vijiti viwili vidogo vya kijani, akavinusa kimoja kimoja kama mtu anayechagua samaki. "Hiki cha memori kimeungua. Kimebaki kimoja, na hicho kimoja chenyewe ni cha enzi za wakoloni. Diski inazunguka, mshukuru Mungu. Hebu tuone ndani."

Babu akakohoa. Akatulia. Akakohoa. Kioo kikawaka, maandishi yakaanza kupanda, na Mama kule kwenye kiti akakaa wima.

"Programu yenyewe imeharibika," Fundi alisema baada ya muda. "Umeme ulimkuta katikati ya kuandika. Lakini maandishi aliyoandika mwenyewe yapo. Silabi zipo. Itabidi ipikwe upya."

"Si uichukue ukaipike kwako?" nikauliza. "Mashine yako ni mpya."

"Nilijaribu toka akiwa hai, alinipa nakala. Kwangu inagoma. Aliishona kwa mwili wa Babu, dada yangu. Inataka vitu ambavyo siku hizi vimeshakufa. Itapikwa hapa au haipikwi. Nukta."

"Nini kimekufa?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Naongelea mambo ya kompyuta."

Akaandika neno moja, akabonyeza. Babu akaanza kuhema. Feni yake ilikuwa na mlio wa kukwaruza mwishoni mwa kila mzunguko, na nilikuwa nimeusahau. Ndivyo kifua cha kaka kilivyokuwa kinalia, kwa namna ile ile: kinapanda vizuri, kinakwama juu.

Mama alisema polepole, "Huyo."

"Ni feni, Mama," Fundi akasema.

Hatukukaa sana. Maandishi yalisimama, likabaki neno moja la Kiingereza peke yake kwenye mstari. Fundi akashusha pumzi.

"Inasemaje?" Mama akauliza.

Fundi alikuwa na bahati mbaya ya kuwa mtu mkweli. "Inasema imeuawa."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Ni lugha yao tu, Mama!" Akajikwaa kwenye maneno yake. "Memori ikijaa, mashine inachagua kazi moja inaikatiza, basi. Hawa Wazungu waliotunga hawakufikiria kama kuna watu watasoma wakiwa na msiba."

"Nani kamuua?"

"Kakake Sindano alimwambia Babu apike sufuria nyingi kwa mpigo, zamani alikuwa na mafiga ya kutosha. Sasa figa limebaki moja. Tutapika sufuria moja moja. Na memori itakayopungua tutaazima kwenye diski. Itakuwa polepole sana, lakini haitauawa." Akasita. "Umeme usipokatika."

Akaanza upya. Safari hii kila silabi iliandikwa kwenye mstari wake ilipofika zamu yake. Nikaacha ushonaji, nikavuta kigoda. Sijui kwa nini nilisoma kwa sauti. Labda ni mazoea ya shule, ukiona silabi mdomo unatangulia.

"A," nikasema. Babu akahema, diski ikagonga gonga ndani. "Ba."

"Ba," Mama akasema nyuma yangu.

"Be."

"Be."

Fundi alitaka kucheka, akaona uso wa Mama, akameza kicheko chake. Tukaenda hivyo. Babu anaivisha silabi moja, mimi naisoma, Mama anaipokea. Kati ya silabi na silabi ungeweza kuwasha jiko na kuchemsha maji, na nilichemsha kweli, nikarudi tukiwa bado kwenye da. Fundi alinionyesha ndani ya faili moja. Tarakimu tupu, safu kwa safu, kioo kimejaa kama mchele uliomwagika.

"Hiyo ndiyo fi," akasema. "Hiyo ndiyo sauti yake akisema fi."

Niliziangalia zile tarakimu mpaka macho yakaniuma. Nilitaka kumwona humo. Zilikuwa tarakimu.

Shangazi alipita akiwa na mwavuli, akachungulia dirishani. "Mnafanya nini?"

"Tunapika," Mama akasema.

"Mnapika nini na jiko halina moto?"

"Mwanangu."

Shangazi akanitazama mimi, si Mama. "Nyie. Aliyelala mwacheni alale." Akaondoka, mwavuli ukikwaruza ukuta. Mara taa ikafifia. Ikawa nyekundu, ikawa kama inazima, feni ya Babu ikashuka mlio, na Fundi akainua mikono juu ya kompyuta bila kuigusa, kama mtu anayezuia mtoto asianguke. Mama aliuma kona ya shuka lake. Taa ikarudi. Silabi iliyofuata ikajitokeza.

Ja. Ka. La. Ma. Hapo kwenye ma, Mama aliisema mara mbili.

Tulipofika ng', Babu aligoma. Mistari miwili ya Kiingereza, kisha kimya.

Fundi alisogeza miwani, akasoma, akasoma tena, kisha akacheka kicheko cha kweli cha kwanza siku hiyo. "Ah, ndugu yangu! Ni hii ritifaa! Aliyatungia mafaili majina yenye ritifaa. Kwa Babu hiyo alama si herufi. Ni alama ya kufungua nukuu, mdomo umefunguliwa. Anasubiri ufungwe ndipo aendelee, na haufungwi. Hakuwahi kuzipika hizi?"

"Alisema atazipika akirudi," nikasema.

Kicheko chake kikaisha. "Sawa. Majina ya mafaili tuyabadilishe. Sauti haiguswi."

Akabadilisha. Babu akaendelea. Nikazisoma zile tano, ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u, na Mama akazipokea kama zingine, wala hakujua ni za nani. Sikumwambia. Haikunijia hata kama ni kitu cha kuambiwa.

Mvua ilikuwa imepungua na mwanga wa alasiri umeshaingia mpaka kwenye miguu ya meza tulipofika za, ze, zi, zo, zu. Babu aliunganisha yote pamoja, akahema kwa nguvu kuliko siku yote, kisha akatulia.

Fundi akafuta viganja kwenye suruali. "Tayari, Mama."

"Niwekee."

Akabonyeza.

Palikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye spika. Kisha kaka akasema, "Ma-ma, ni-me-fi-ka."

Sikuwa nimejiandaa. Nilidhani nimejiandaa. Fundi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukingo wa meza. Mama hakulia. Aliinuka kitini, akatembea kwa kupapasa mpaka mezani, akasimama mbele ya Babu kama mtu aliyefungua mlango. Akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Umefika wapi, baba?"

Zamani ulikuwa utani. Sasa aliuliza kwa maana anataka kujua.

Kwenye kioo kile kistari kidogo kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinasubiri mtu aandike. Fundi aliinua kichwa. Aliondoa mikono kwenye kibodi kama imeshika moto, akaninong'oneza, "Mimi siandiki. Nukta." Akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu.

"Umefika wapi?" Mama akarudia. Mkono wake ulikuwa umeshika juu ya kioo cha Babu.

Nikakaa mahali pa Fundi. Nikaandika. Nimezoea kushona bila kufanya kelele, na vidole vyangu vilibonyeza vile vitufe taratibu hata mimi sikuvisikia.

"Ni-me-fi-ka sa-la-ma," kaka akasema.

Mama akavuta pumzi. "Salama wapi? Hospitali hukufika. Walisema hukufika."

"Ni-me-fi-ka pa-zu-ri."

"Na mbona hukusema siku zote hizo? Nimekaa hapa nimetega masikio kama mlinzi."

Niliwaza kaka angesema nini. Haikunichukua muda. "U-me-me u-li-ka-ti-ka."

Na Mama akacheka. Kidogo, puani, lakini alicheka. Hapo ndipo niliogopa hasa. Niliogopa kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Ningeweza kukaa pale mpaka ninazeeka. Angeuliza, ningejibu, angemuaga asubuhi, angemkaribisha jioni, na kaka angesema chochote nitakachotaka, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuweza kukataa.

Kisha uso wa Mama ukabadilika. "Unanidanganya," akasema. "Tangu mdogo ukinidanganya unajibu haraka. Pazuri gani? Mtu amekufa kwenye kiti cha gari la watu, hana hata mto wa kichwa, amefika pazuri gani?" Machozi yakaanza kumtoka, yale ambayo hayakutoka makaburini. "Niambie! Pazuri gani?"

Nilitaka anyamaze tu, nilitaka atulie, na vidole vikaenda vyenyewe kwenye maneno ambayo kaka alimwandikia kila siku.

"U-si-nu," akasema kaka.

"Ng'u," nikasema mimi.

"Ni-ke, ma-ma," akamalizia kaka.

Ilitoka waziwazi. Sauti nyembamba ya mwanamke, iliyokaa karibu na kipaza sauti, katikati ya neno la mwanaume. Nilikuwa nimeizoea ile sehemu ikiwa pengo. Nilisahau kwamba tumeliziba.

Mama akageuza sikio.

"Rudia."

Nikarudia. U-si-nu-ng'u-ni-ke.

"Hapo katikati," akasema. "Hapo ni wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Na hayo mengine?"

"Sauti yake. Maneno yangu."

Nilisubiri kofi. Ningelipokea. Fundi pale mlangoni hakugeuka, ila niliona mabega yake yamekaza. Mama alishusha mkono kutoka juu ya kioo, akapapasa, akapata bega langu, akalishikilia kwa uzito.

"Mliisema lini hiyo yako?"

"Wiki ile ya mwisho. Alikuwa hawezi. Alinishikia kipaza sauti."

"Niwekee hiyo peke yake."

Nikaandika silabi moja. "Ng'u," ikasema spika.

"Tena."

"Ng'u."

Vidole vyake vikaniingia begani. "Nyuma yako kuna mtu."

Nilitazama nyuma kweli, mpumbavu mimi, kama vile alimaanisha chumbani. Ukuta na cherehani. Fundi alikuwa amegeuka, uso umempauka.

"Si hapa," Mama akasema. "Humo. Sikiliza."

Nikasogeza sikio kwenye spika, nikabonyeza. Ng'u. Na chini ya sauti yangu, nyuma yake kidogo, palikuwa na kitu kama kitambaa kinachochanwa polepole. Pumzi. Ilikuwa inapanda, vizuri, inakwama juu, na pale pale silabi ikakatika. Kaka alikuwa amelala ubavuni kwangu, mkono umeshika kipaza sauti, anavuta hewa. Alipokuwa anazikata zile silabi alifuata sauti yangu inapoishia. Hakujisikia mwenyewe mle ndani.

"Huyo," Mama akasema, "hakuandikwa na mtu."

Aliniambia niweke zote tano. Nikaweka. Katika kila moja alikuwepo, nyuma yangu, anavuta. Fundi alikuja akachuchumaa kando ya meza, na sote watatu tulisikiliza kama watu waliotega sikio mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

"Anavuta tu," Mama akasema. "Hatoi."

"Ndipo ilipokatwa, Mama," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Najua ilikatwa wapi." Akanigeukia mimi. "Ulikuwa naye garini. Alipumua hivi?"

Hakuwahi kuniuliza. Siku ile nilirudi na watu wakanizunguka, wakasema wao, kalala usingizi, katulia, na maneno yao yakabaki ndiyo maneno.

"Hivi hivi, Mama. Alivuta. Nikasubiri atoe."

"Akatoa?"

"Hakutoa."

"Kichwa chake kilikuwa wapi?"

"Mapajani kwangu."

"Ulimshika?"

"Nilimshika mpaka waliponiondoa."

Nje watoto walikuwa wameanza kuchezea madimbwi. Mama akapangusa uso kwa kiganja, juu hadi chini, mara moja.

"Basi hakufika," akasema. "Hakufika popote. Lakini mto wa kichwa alikuwa nao." Kisha, kwa Fundi: "Hilo neno la mwanzo, ataacha kulisema?"

"Naweza kulitoa, Mama. Hilo ni faili moja tu."

"Litoe. Anisomee habari, anisomee meseji za huyo shangazi yao, sawa. Asiniambie amefika."

Fundi akaligeukia. Mimi nikaenda kuchemsha chai, maana miguu ilikuwa haijui ifanye nini kingine. Nikampa Mama kikombe, nikampa Fundi chake. Mama akaonja. Akakaa na lile funda mdomoni. Akameza.

"Hii nini?" akasema. "Sukari umepima kwa kijiko au kwa tundu la sindano?"

Fundi alipaliwa na chai. Mimi nilikimbilia ndani kuleta kopo la sukari, nikakaa huko kidogo, nimeegemea ukuta.

Sasa Babu anasoma kila siku. Fundi alimtafutia kijiti kingine cha memori mahali fulani, na kukohoa kwake kumepungua. Akiwashwa anakaa kimya anasubiri. Mama ananung'unika kwamba anasoma taratibu, kwamba anasoma haraka, kwamba habari zenyewe ni mbaya. Mimi nashona.

Lakini siku haipiti bila neno moja lenye ile herufi. Mtu kauza ng'ombe, mtu kang'atwa na mbwa, mgonjwa fulani kang'olewa jino. Kaka anasoma, anafika hapo, ninaingia mimi na yeye nyuma yangu, anavuta. Mkono wangu unasimama juu ya kitambaa. Kikombe cha Mama kinasimama hapo hapo kilipofika. Tunasubiri pumzi itoke.

Kisha Babu anaendelea na silabi inayofuata.